Mdudu Aliyesingiziwa: Habari za Kuoza kwa Meno ya Watoto

Hapana mwalimu asiyemjua mtoto huyu. Huja shuleni asubuhi ameshika shavu, macho yamemvimba kwa kukesha, na kitabu kikifunguliwa mbele yake haoni maandishi, huona maumivu tu. Ukimwuliza, "Una nini?" hujibu, "Jino, mwalimu." Na ukimwuliza mama yake jino hilo limepatwa na nini, hukujibu kama alivyojibu bibi yake zamani: "Limeliwa na mdudu."

Neno hilo "mdudu" ndilo tunalotaka kulitazama. Twataka kujua lilitoka wapi, nani waliolisadiki, nani waliolikana, na limetuletea nini. Maana mambo ya meno ni kama shauri la barazani: akihukumiwa asiye na kosa, mwizi hasa huendelea kuiba. Nasi tutaona ya kuwa kumshitaki asiyehusika kumewagharimu watoto wengi afya zao, na wengine uhai wao, na kosa hilo halijakwisha hata leo.

Kwanza tuseme wazi ya kuwa imani ya mdudu wa jino si ya watu weusi peke yao. Katika nchi ya Babeli, kati ya mito Frati na Hidekeli, maelfu ya miaka iliyopita, watu waliandika juu ya vibao vya udongo hadithi ya mdudu aliyepewa matunda yawe chakula chake, akayakataa, akaomba kukaa kati ya jino na ufizi. Imani hiyo ilionekana Bara Hindi na Uchina, na Ulaya ilidumu muda wa karne nyingi. Waganga wa huko walikuwa wakichoma mbegu za mmea mmoja wenye sumu, na mgonjwa akafunua kinywa juu ya moshi wake. Kisha wakamwonyesha vitu vidogo vyeupe, vyembamba, wakisema, "Tazama, wadudu wako wametoka." Kumbe vilikuwa viini vya mbegu zile zile, vilivyopasuka kwa moto! Mgonjwa akalipa, akaenda zake akiwa ameshukuru, na jino likaendelea kuoza.

Wakati huo mwizi hasa alikuwa akiingia nyumbani kwa mlango wa mbele, amepokewa kwa furaha. Jina lake sukari. Zamani sukari ilikuwa kitu adimu sana huko Ulaya, nayo ilikuwa mezani pa wafalme na matajiri tu. Mwaka wa 1598 msafiri mmoja Mjerumani, Paul Hentzner, alimwona Malkia Elizabeth I wa Uingereza, akaandika ya kuwa meno yake yalikuwa meusi, na ya kuwa kasoro hiyo yaonekana kuwapata Waingereza kwa sababu ya kutumia sukari mno. Fikirini jambo hilo. Maskini aliyekula mkate mgumu alikuwa na meno mazuri kuliko malkia.

Mwaka wa 1728 mganga wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi yake. Wengi humwita baba wa uganga wa meno wa siku hizi. Yeye hakukubali habari ya mdudu, bali aliwaonya watu juu ya sukari na vitu vitamu. Lakini onyo lake halikuweza kushindana na biashara. Mashamba ya miwa yalikuwa yakienea katika visiwa vya Karibi, yakilimwa na watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika. Hata pwani yetu haikusalimika: karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Sukari ilivyozidi kuwa nyingi, bei yake ilizidi kushuka. Mwaka wa 1874 Serikali ya Uingereza ilifuta ushuru wa sukari, na tangu hapo hata kibarua aliweza kuitia katika chai yake kila siku. Ndipo ugonjwa uliokuwa wa malkia ukawa ugonjwa wa mtoto wa kibarua.

Bado watu walihitaji kujua sukari hufanyaje kazi hiyo. Sukari ni laini, na jino ni gumu kuliko mfupa. Kitu laini chawezaje kutoboa kitu kigumu? Aliyefumbua fumbo hilo ni Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, jina lake Willoughby Miller. Aliyachukua meno yaliyong'olewa, akayaweka katika mate pamoja na mkate au sukari, akayaacha katika joto kama la mwili. Baada ya siku, gamba la meno yale likalainika. Alipojaribu kwa mafuta ya nyama halikulainika. Mwaka wa 1890 alitangaza maneno yake katika kitabu. Alisema ya kuwa kinywani mwa kila mtu mnakaa vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula mabaki ya sukari na wanga, navyo hutoa asidi, yaani ukali kama wa siki au ndimu. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha gamba la jino.

Msomaji akitaka kuona kwa macho yake, na atie yai pamoja na gamba lake katika siki, aliache usiku kucha. Kesho yake ataona gamba lile gumu limelainika na kuliwa. Ndivyo jino linavyoliwa, ila polepole. Nayo mate yana kazi ya kutengeneza yaliyoharibika: huiosha asidi na kulirudishia jino chumvichumvi lililopoteza. Lakini mate yanahitaji muda. Mtoto akila kitu kitamu mara moja pamoja na chakula chake, mate hupata nafasi ya kufanya kazi. Akila peremende saa tatu, soda saa nne, biskuti saa tano, na chai ya sukari saa sita, mate hayapati nafasi hata kidogo.

Pengine mtu atasema, "Basi, hao vijidudu si mdudu yule yule wa wazee?" Sivyo. Mdudu wa wazee alikuwa mnyama aliyeingia katika jino moja, na aliyeweza kutolewa kwa moshi au kwa sindano. Vijidudu hivi vimo katika kinywa cha kila mtu, mzima na mgonjwa, wala hapana sindano ya kuvichokoa. Visipopewa sukari madhara yao ni madogo. Nguvu yao yatoka mkononi mwetu wenyewe. Wazee wetu walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana wazi katika kisiwa kidogo cha Tristan da Cunha, katikati ya bahari ya Atlantiki, mbali na nchi zote. Watu wake walikuwa wachache, wakila viazi, samaki na mayai ya ndege wa baharini. Sukari na unga wa ngano vilifika kwa nadra, pale meli ilipopita. Waganga waliofika huko katika miaka ya 1930 walistaajabia meno yao, wakaona ya kuwa watu wengi hawakuwa na jino bovu hata moja. Baadaye kikaja kituo cha askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, kikafuata kiwanda cha samaki, mishahara na duka. Mwaka wa 1961 mlima wa moto ulilipuka, wenyeji wakahamishiwa Uingereza kwa muda, na waganga wakayatazama meno yao tena. Sifa ile ya zamani ilikuwa imepotea, hasa kwa watoto. Damu yao ilikuwa ile ile, na kisiwa ni kile kile. Kilichobadilika ni chakula.

Ushahidi mwingine tunausimulia kwa huzuni. Tangu mwaka wa 1945 huko Uswidi, katika nyumba ya Vipeholm mjini Lund, walimotunzwa watu wenye upungufu wa akili, waganga walitaka kujua sukari huozesha meno kwa njia gani. Wengine katika watu hao walipewa sukari pamoja na chakula, na wengine walipewa peremende za kunata kati ya mlo na mlo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1954: waliokula vitu vya kunata mara nyingi kati ya mlo na mlo ndio walioharibika meno zaidi. Watu wale hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa, na leo jambo hilo huhesabiwa kuwa kosa. Maarifa tuliyopata yalinunuliwa kwa maumivu ya wanyonge, na angalau tusiyapuuze.

Lakini sukari peke yake haielezi yote. Miji miwili yaweza kula chakula cha namna moja, na watoto wa mji mmoja wakawa na meno mabovu kuliko wenzao. Hapo yatupasa kutazama maji, na habari ya maji inaanza kwa meno yenye madoa, si meno yaliyooza.

Mwaka wa 1901 mganga wa meno kijana, Frederick McKay, alifika katika mji wa Colorado Springs huko Marekani kuanza kazi. Akashangaa kuona wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, mengine kama yamepakwa tope. Aliuliza vitabu, vitabu vikanyamaza. Mwaka wa 1909 mtaalamu mwenye sifa, G. V. Black, alikuja kumsaidia, nao waliona ya kuwa katika kila watoto 100 waliozaliwa mjini humo, karibu 90 walikuwa na madoa. Tena waliona jambo la ajabu: meno yale yenye madoa hayakuoza upesi.

McKay alitafuta sababu miaka mingi. Mwaka wa 1923 alikwenda katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, kwa kuwa wazazi wa huko waliona madoa katika meno ya watoto wao. Wazazi wakamwambia ya kuwa madoa yalianza baada ya mji kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji ya moto iliyokuwa maili tano kutoka mjini. McKay aliyapima maji yale asione kitu. Hata hivyo hakudharau maneno ya wazazi. Aliwashauri wakubwa wa mji waliache bomba lile na kutumia chemchemi nyingine. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno safi yasiyo na doa. Hapa sisi walimu twaona fundisho: wazazi wa Oakley hawakuwa wataalamu, lakini waliwatazama watoto wao, wakakumbuka mambo yalianza lini. Ushahidi wa namna hiyo una thamani kubwa.

Jina la kitu kile lilijulikana mwaka wa 1931. Katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, watoto walikuwa na madoa kama yale. H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya aluminiamu iliyoumiliki mji huo, aliyapima maji yao kwa njia mpya, akakuta floraidi nyingi ajabu, miligramu 13.7 katika kila lita. Baada ya hapo H. Trendley Dean, mganga wa Serikali ya Marekani, alizunguka miji mingi. Aliyatazama meno ya watoto 7,257 katika miji 21, akaona ya kuwa floraidi ikiwa karibu miligramu 1 katika lita, meno hulindwa yasioze, wala madoa mabaya hayatokei. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ulikuwa wa kwanza duniani kutia floraidi katika maji yake kwa kipimo. Baada ya miaka 11 ilionekana ya kuwa kuoza kwa meno kwa watoto waliozaliwa tangu hapo kumepungua kwa zaidi ya sehemu 60 katika 100. Siku hizi dawa nyingi za meno zinazouzwa madukani zina floraidi, na kipimo cha maji huko Marekani tangu mwaka wa 2015 ni miligramu 0.7 katika lita.

Kwetu Afrika ya Mashariki, mahali pengi shida si kupungua kwa floraidi bali kuzidi kwake. Miamba ya milima ya moto katika Bonde la Ufa huitia katika mito na visima. Kwenye miteremko ya mlima Meru, pande za Arusha, upo mji uitwao Maji ya Chai, na watu wengi wa huko wana meno ya kahawia. Hata magadi yatumikayo kupikia maharagwe na makande huwa na floraidi. Nayo ikizidi sana hudhuru mifupa, na watoto wengine hupinda miguu. Huko Ngurdoto, karibu na hapo, kiliwekwa kituo cha kutafuta njia ya kuipunguza floraidi katika maji, na njia mojawapo ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita. Basi mtoto wa Meru mwenye meno ya kahawia asichekwe shuleni, wala asiambiwe kuwa hapigi mswaki. Alama ile si uchafu. Ni alama ya maji aliyokunywa alipokuwa mchanga, kabla meno yake hayajaota. Kumcheka ni kumhukumu asiye na kosa.

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Tumesema ya kuwa mdudu wa jino alikanwa mwaka wa 1728. Lakini kwetu hajafa, ila amebadili jina. Tangu miaka ya 1980 Tanzania imesikia habari za "meno ya plastiki", na Uganda huitwa "ebiino". Mambo kama hayo yako pia Kenya, Sudan na Ethiopia. Mtoto mchanga hupata homa na kuhara. Jirani humfunua kinywa, huona uvimbe mweupe katika ufizi, mahali pa chonge, na kusema, "Hayo ndiyo yanayomwua." Ndipo huitwa mtu mwenye kisu, au msumari, au njiti ya baiskeli iliyonolewa, naye huuchimba ufizi na kutoa kitu laini cheupe. Watu husema, "Tazama, kama mdudu!"

Wasomaji, kitu kile si mdudu wala plastiki. Ni jino la mtoto lenyewe, changa, halijakomaa. Mtoto aliugua homa ya malaria, au kuhara, au kichomi, na ugonjwa huo haukutibiwa, kwa maana ameshitakiwa jino. Wengine hufa kwa kutokwa na damu, au kwa sumu ya kidonda. Wengine hufa kwa ugonjwa ule wa kwanza, kwa kuwa saa ya kumpeleka hospitali imepita. Wakipona, mara nyingi meno ya ukubwani huota yamepinda, au hayaoti kabisa.

Wala Wazungu wasitucheke. Karne ya 16 Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa, aliagiza kupasua fizi za watoto wanaoota meno, na waganga wa Ulaya wakafanya hivyo hata baada ya miaka 300. Karne ya 19 vitabu vya Serikali ya Uingereza viliandika vifo vya maelfu ya watoto kuwa vimetokana na kuota meno. Watoto wale waliuawa na homa na kuhara na maziwa machafu. Walipopata maji safi na matibabu hasa, "kuota meno" kukaacha kuua. Kumbe halikuwa jino.

Basi wazazi wafanye nini? Mtoto mchanga akiwa na homa au akihara, apelekwe zahanati siku ile ile, na ufizi wake usiguswe. Vitu vitamu vitolewe pamoja na chakula, si mchana kutwa, wala mtoto asilazwe na chupa ya chai ya sukari au maji matamu. Mswaki upigwe mara mbili kwa siku, na jioni usisahauliwe. Dawa ya meno yenye floraidi ni njema; kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu yatosha kadiri ya punje ya mchele. Ule mswaki wa mti waliotumia wazee wetu ni mzuri pia, ukitumiwa kwa bidii na kwa usafi. Na katika vijiji vyenye maji ya floraidi nyingi, mama mjamzito na watoto wadogo wapewe maji ya mvua yaliyotunzwa safi, au yaliyochujwa.

Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa watoto wapata milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Hesabu hiyo ni kubwa mno hata akili hushindwa kuishika, lakini sisi twamjua mmoja wao: ni yule aliyeshika shavu darasani asubuhi. Akiulizwa tena nini kimekula jino lake, tumfundishe jibu la kweli, ili siku moja naye akiwa mzazi, amjue mwizi kabla hajaingia.